Namna ya kulisimulia tukio kubwa la soka kwa mtu ambaye hakuliona

Kila shabiki wa soka ana matukio anayoyabeba moyoni, na wengi wetu tuliyapokea kwa kusimuliwa muda mrefu kabla ya kuyaona kwa macho. Baba, mjomba au jirani alituambia kuhusu penalti iliyogonga mwamba, kipa aliyeduwaa, au uwanja mzima uliotokwa na machozi, nasi tukayashika maneno yale kama tulikuwapo. Tatizo ni kwamba simulizi nyingi huanzia mahali pasipofaa, yaani kwenye bao lenyewe. Msimuliaji hutaja dakika, hutaja mfungaji, husema watu walilia, halafu msikilizaji hubaki akijiuliza walikuwa wakilia nini hasa.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuandika au kusimulia tukio la kihistoria la soka vizuri na kwa ukweli, awe anaandikia gazeti la shule, anaandaa kipindi cha redio ya jamii, au anataka tu watoto wake waelewe kwa nini yeye huingia huzuni kila jina la mchezaji fulani linapotajwa. Nitakayoyasema yote yanatokana na imani moja: tukio la soka hueleweka pale msikilizaji anapojua wachezaji walihitaji nini sekunde moja kabla mpira haujapigwa.

Anza na msimamo wa kundi

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, chukua karatasi na uandike hali ilivyokuwa kabla ya tukio: kila timu ilikuwa na pointi ngapi, tofauti ya mabao ilikuwa ipi, sare ingempa nani nini, na ni nani mwingine aliyekuwa akisubiri matokeo hayo akiwa uwanja mwingine. Kazi hii inaonekana kavu, lakini ndiyo inayozaa msisimko wote unaofuata.

Chukua mchezo wa Brazil na Uruguay uliochezwa kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, tarehe 16 Julai 1950. Wengi huuita fainali ya Kombe la Dunia, na kwa kweli ndio ulioamua bingwa, lakini mwaka ule hapakuwa na fainali kwa maana tunayoijua leo. Timu nne zilizoongoza makundi yao, yaani Brazil, Uruguay, Sweden na Hispania, zilicheza kwa mtindo wa ligi, na ushindi ulikuwa na thamani ya pointi mbili. Brazil ilikuwa imeifunga Sweden mabao 7-1 na Hispania 6-1, hivyo ilikuwa na pointi nne. Uruguay ilikuwa imetoka sare ya 2-2 na Hispania na kuishinda Sweden 3-2 kwa taabu, hivyo ilikuwa na pointi tatu. Kwa hesabu hiyo, wenyeji walihitaji sare tu.

Sasa simulia ukiwa na hesabu hiyo mkononi. Friaça anaifungia Brazil mara tu baada ya mapumziko, na Uruguay inahitaji mabao mawili. Schiaffino anasawazisha dakika ya 66, lakini kombe bado ni la Brazil. Hapa ndipo simulizi nyingi hupita haraka, ilhali ndipo penye uzito wote, kwa sababu kwa takriban dakika 13 uwanja ulioingiza watu zaidi ya 170,000 ulikuwa bado umeushika ubingwa, na timu iliyokuwa ikiongoza msimamo ilikuwa ikicheza kama timu iliyo nyuma. Dakika ya 79 Ghiggia anaambaa tena na wingi ya kulia. Bao la kusawazisha lilitokana na pasi yake ya kutoka upande uleule, hivyo kipa Barbosa anasogea kidogo akitarajia mpira upelekwe katikati. Ghiggia anapiga moja kwa moja kwenye mwanya uliobaki kati ya kipa na mwamba wa karibu. Ukilisimulia bao hilo bila kutaja lile lililotangulia, Barbosa ataonekana mzembe, na mzigo huo aliubeba bila haki hadi alipofariki mwaka 2000. Ukiyasimulia yote mawili kwa mfuatano, msikilizaji ataona kwamba kipa alifanya uamuzi ambao makipa wengi wangeufanya.

Hesabu hizi hazihitajiki kwa michezo ya Kombe la Dunia pekee. Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, katika mchezo wa mwisho wa kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mabao ya Saimon Msuva, Erasto Nyoni kwa mkwaju wa penalti, na Aggrey Morris. Kijana asiyeijua hali ya kundi anaweza kudhani Uganda ndiyo iliyokuwa ikigombea nafasi na Tanzania. Uganda ilikuwa imeshafuzu. Mshindani wa kweli alikuwa Lesotho, ambayo ilikuwa na pointi tano sawa na Tanzania, na ilikuwa na faida ya kuibana Stars zilipokutana zenyewe kwa zenyewe, kwani ilitoka sare ya 1-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 kwake. Siku hiyo Lesotho ilikuwa ugenini Cape Verde, na sare yake ya 0-0 ndiyo iliyokamilisha furaha ya Watanzania waliokuwa wamesubiri miaka 39 tangu fainali za Lagos za mwaka 1980. Msimulie mtoto mechi hiyo kwa kumweka kwanza kwenye nafasi ya shabiki mwenye macho uwanjani na sikio kwenye matokeo ya mbali, naye ataelewa kwa nini bao la tatu halikutosha kuwatuliza watu.

Tazama picha bila sauti

Kama mchezo una picha za video, zima sauti unapoutazama kwa mara ya kwanza. Sauti ya mtangazaji huja na hukumu yake, na ukiisikia mapema utaona kile alichokwisha kukuambia. Anza dakika tano kabla ya tukio, si sekunde tano. Tazama mara moja kwa mwendo wa kawaida, kisha rudia polepole ukiandika tu kile kinachoonekana: nani anagusa mpira, kwa mguu upi, nani yuko karibu, refa amesimama wapi, mshika kibendera anafanya nini. Maneno kama "ajabu", "kichawi" na "ya kihistoria" yaache kwanza. Kama tukio linastahili maneno hayo, msikilizaji atayasema mwenyewe.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni mchezo wa robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Argentina na Uingereza kwenye uwanja wa Azteca, Mexico, tarehe 22 Juni 1986, kwa sababu Diego Maradona alifunga mabao mawili ndani ya dakika nne, na kila moja linadai jicho la aina yake.

Katika bao la kwanza, dakika ya 51, usimwangalie Maradona peke yake. Mwangalie Steve Hodge, kiungo wa Uingereza, anayejaribu kuuokoa mpira na badala yake anauinua kurudi kwenye eneo la kipa wake. Mwangalie Peter Shilton akitoka golini, akiwa mrefu zaidi kuliko mtu anayemkabili. Kisha watazame waamuzi, yaani refa Ali Bennaceur wa Tunisia na mshika kibendera Bogdan Dochev wa Bulgaria. Ngumi ya kushoto ya Maradona inaugusa mpira kabla ya mikono ya Shilton, lakini kibendera hakiinuki na refa anaonyesha katikati ya uwanja. Maswali ya haki yaliyoulizwa kwa miaka mingi baadaye yamo yote katika sekunde hizo: nani alikuwa na pembe nzuri ya kuona, na nani alikuwa akimsubiri mwenzake aamue.

Bao la pili, la dakika ya 55, lihesabu kwa miguso. Maradona anapokea pasi ya Héctor Enrique akiwa bado kwenye nusu ya Argentina, anajigeuza kati ya Beardsley na Reid, na kuanzia hapo mpira hautoki kwenye mguu wa kushoto. Anampita Butcher, anampita Fenwick kwenye ukingo wa eneo la hatari, anamzunguka Shilton, na anapiga wakati Butcher, aliyekwisha kupitwa, amerudi na kujitupa miguuni pake. Jambo ambalo watu husahau kulitaja ni mbio za Butcher. Beki aliyepigwa chenga kisha akakimbia mita zote hizo na kulifikia goli kwa wakati ndiye anayetuonyesha kasi ya kile tunachokitazama. Ukimweka Butcher mara mbili kwenye simulizi yako, huhitaji kumwambia mtu yeyote kwamba bao hilo lilichaguliwa kuwa bora la karne.

Picha haisemi sababu

Kuna kosa moja ambalo limewadhulumu wachezaji wa Afrika kuliko makosa mengine yote ya usimulizi, nalo ni kuona kitendo kwenye picha na kujitungia sababu yake. Ningependa tukae hapa kwa muda, kwa sababu mhusika ni mtu wa nyumbani kwa Kiswahili: Mwepu Ilunga, beki wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) aliyeichezea TP Mazembe ya Lubumbashi.

Tarehe 22 Juni 1974, huko Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Zaire ilicheza na Brazil mchezo wa mwisho wa kundi katika Kombe la Dunia. Muda ukiwa unayoyoma na Brazil ikiongoza, Brazil inapata mpira wa adhabu karibu na goli la Zaire. Wachezaji wa Zaire wamepanga ukuta. Refa Nicolae Rainea wa Romania anapuliza kipenga. Mara Mwepu anachomoka kwenye ukuta, anakimbia mbele na kuubutua mpira hadi mbali, wakati wapigaji wa Brazil hata hawajaanza kusogea. Wabrazil wanashangaa, baadhi ya watazamaji wanacheka, refa anatoa kadi ya njano.

Hicho ndicho kinachoonekana, na simulizi iliyosambaa duniani kwa miongo mingi iliongeza sababu ambayo picha haina: kwamba Waafrika hawakujua sheria. Picha hiyo ilirudiwa katika vipindi vya vichekesho vya soka, na kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba bingwa wa Afrika hakujua mpira wa adhabu hupigwa na nani.

Sasa fanya kazi ambayo wasimuliaji wale hawakuifanya. Rudi nyuma miezi mitatu. Mwezi Machi 1974 Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, baada ya kutoka sare ya 2-2 na Zambia katika fainali na kuishinda 2-0 katika mchezo wa marudiano. Ndaye Mulamba alifunga mabao yote manne ya michezo hiyo miwili, na akamaliza mashindano akiwa na mabao tisa, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika mashindano mamoja ya kombe hilo. Timu hii ilikuwa ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mtu atakayesema kwamba kikosi kama hicho hakikujua sheria ya mpira wa adhabu lazima aeleze kilifikaje pale.

Kisha sogea siku chache kabla. Zaire ilifungwa na Scotland 2-0 katika mchezo wa kwanza, matokeo ambayo hayakuwa ya aibu hata kidogo. Baada ya hapo kambi ilivurugika. Wachezaji walielewa kwamba fedha walizoahidiwa hazingewafikia, na walifikiria kugoma. Walicheza na Yugoslavia tarehe 18 Juni wakiwa na mioyo iliyovunjika, wakafungwa 9-0. Katika mchezo huo kipa Kazadi Mwamba alitolewa mapema baada ya mabao matatu, na Ndaye alionyeshwa kadi nyekundu kwa kosa ambalo hakulitenda yeye, kwani refa alimchanganya na mwenzake. Mwepu alikuja kusimulia kwamba baada ya kipigo hicho watu wa Rais Mobutu waliwatisha wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil mabao manne wasahau kurudi nyumbani.

Halafu tazama msimamo wa kundi, kama tulivyokubaliana mwanzo. Brazil ilikuwa na sare mbili za 0-0. Scotland ilikuwa na tofauti ya mabao mawili, na ikitoka sare na Yugoslavia siku hiyohiyo, Brazil ingehitaji kuishinda Zaire kwa tofauti ya mabao matatu ili isonge mbele. Kwa hiyo uwanja ule ulikuwa na mahitaji mawili yanayogongana: Brazil ilihitaji mabao matatu, na Zaire, kwa hofu iliyosimuliwa baadaye, ilihitaji yasifike manne. Mchezo uliisha 3-0. Scotland ilitoka sare ya 1-1, ikarudi nyumbani bila kufungwa hata mchezo mmoja.

Mwepu mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba alizijua sheria vizuri na kwamba alifanya makusudi, kwa hasira dhidi ya wakubwa waliokuwa wakinufaika na jasho la wachezaji wasiolipwa. Maelezo mengine yaliyonukuliwa kutoka kwake yanaweka mbele zaidi hofu na nia ya kupoteza muda. Maneno hayo hayalingani kikamilifu, na msimuliaji mwaminifu hapaswi kuchagua moja na kulificha jingine. Yaandike yote mawili, useme yametoka kwa nani, na umwachie msikilizaji apime. Mtu aliyekuwa na hasira na hofu kwa pamoja, katika dakika za mwisho za mchezo wa namna ile, anaweza kabisa asiwe na sababu moja iliyonyooka. Mwepu alifariki mwaka 2015, na ninaona ni deni letu sisi tunaosimulia soka kwa lugha inayosemwa Lubumbashi kuhakikisha kwamba kicheko kile hakiendelei kupokelewa na watoto kama historia.

Kanuni ya kazi ni hii: katika daftari lako tenganisha kurasa tatu. Ya kwanza iwe ya yaliyoonekana. Ya pili iwe ya yaliyosemwa na waliohusika, pamoja na mwaka waliposema. Ya tatu iwe ya yanayosemwa na watu wengine wote. Sentensi ikitoka ukurasa wa tatu isiandikwe kama iliyotoka ukurasa wa kwanza.

Wahoji waliokuwapo, hata kama walikuwa kwenye redio

Matukio mengi ya soka la Afrika Mashariki hayana picha unayoweza kuirudia. Mwaka 1979 Taifa Stars ilipokwenda Ndola kurudiana na Zambia, baada ya kushinda 1-0 Dar es Salaam, na Peter Tino akafunga bao la sare ya 1-1 lililoipeleka Tanzania Lagos, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Nchi ilisikiliza redio. Tukio hilo limehifadhiwa katika kurasa za magazeti ya siku zile, zinazopatikana kwenye maktaba, na katika kumbukumbu za wazee waliolisikiliza, ambao wanazidi kupungua.

Ukienda kumhoji mzee wa namna hiyo, usianze kwa kumuuliza bao lilifungwaje. Swali hilo humfanya arudie aliyoyasoma au kuyasikia baadaye, na atakupa maelezo safi kupita kiasi. Msalimie, kaa, mwache apumue, kisha anzia pale alipokuwa amekaa yeye. "Shikamoo, mzee. Siku ile ya Ndola mlikuwa mmekusanyika kwa nani? Redio ilikuwa ya nani? Nani alishika antena?" Akishaikumbuka redio atawakumbuka watu waliokuwa wameizunguka, na akiwakumbuka watu atakumbuka ukimya uliokuwapo kabla ya bao, ambao hakuna gazeti lililouandika. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na uandike tarehe ya mazungumzo. Usimwonyeshe picha wala usimsomee makala kabla hajamaliza, maana kumbukumbu huvaa haraka sana nguo za kuazima.

Atachanganya baadhi ya mambo, na hilo lisikukatishe tamaa. Atasema bao lilifungwa kwa kichwa kumbe ni mguu, au atamweka uwanjani mchezaji aliyekuwa majeruhi. Matokeo, majina na tarehe vithibitishe kwenye gazeti. Kwake chukua kile ambacho gazeti halina, yaani hofu, mabishano, na namna watu walivyorudi nyumbani usiku ule.

Eleza sheria za wakati ule

Hapa nitakuwa mfupi. Sheria za soka hubadilika, na msikilizaji kijana atalipima tukio la zamani kwa sheria za leo usipomwonya. Hadi mwaka 1992 kipa aliruhusiwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, kwa hiyo timu iliyokuwa ikiongoza ingeweza kuua muda kwa namna ambayo leo haiwezekani. Vivyo hivyo kuhusu bao la ugenini. Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, ilitoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis, na sare ya 1-1 Nairobi. Kijana atauliza penalti zilikuwa wapi. Mwambie mapema, kabla ya kufika uwanja wa Kasarani, Nairobi, kwamba mabao mawili ya Tunis yalikuwa na uzito zaidi kwa sababu yalifungwa ugenini, na kwamba Espérance ilihitaji bao moja tu jingine ili kuligeuza kombe. Ukimwambia mwishoni itaonekana kama udhuru. Ukimwambia mwanzoni kila shambulizi la Waarabu dakika za mwisho litamtia jasho.

Kuandika: chagua mtu mmoja wa kumfuata

Ukishakusanya yote, utakuwa na mengi mno. Chagua mchezaji mmoja ambaye msikilizaji atasimama karibu naye, na mara nyingi anayefaa si mfungaji.

Robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ghana na Uruguay, Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010, husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha mkono wa Luis Suárez kwenye mstari wa goli, dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, matokeo yakiwa 1-1. Hakika ni kisa chake, na kadi nyekundu aliyopewa ilikuwa halali. Lakini mfuate Asamoah Gyan. Anaweka mpira kwenye nukta akijua kwamba hakuna muda wa mchezo utakaobaki, na kwamba timu ya Afrika haijawahi kufika nusu fainali. Anapiga, mpira unagonga mtambaapanya na kupaa. Suárez, aliyekuwa akielekea vyumbani, anashangilia. Wasimuliaji wengi hukomea hapo. Endelea dakika chache zaidi: mikwaju ya penalti inaanza, na wa kwanza kwenda kupiga kwa upande wa Ghana ni Gyan yuleyule. Anaifunga, juu kabisa ya wavu. Ghana ilipoteza kwa 4-2, na Afrika ilisubiri hadi Desemba 2022 Morocco ilipoifunga Ureno 1-0 na kufika nusu fainali. Kwangu mimi ujasiri mkubwa wa usiku ule ulikuwa katika hatua za Gyan kutoka katikati ya uwanja kwenda kupiga penalti ya pili, na simulizi inayoziacha hatua hizo haijamtendea haki.

Uangalifu wa pekee unahitajika pale tukio linapogusa msiba. Ushindi wa Zambia dhidi ya Côte d'Ivoire katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika tarehe 12 Februari 2012 huko Libreville, Gabon, hauwezi kutenganishwa na ajali ya ndege ya tarehe 27 Aprili 1993, iliyotokea baharini karibu na mji huohuo, ambapo watu wote 30 waliokuwamo walifariki, wakiwemo wachezaji 18 wa timu ya taifa waliokuwa safarini kwenda kucheza na Senegal. Usiufiche msiba hadi mwisho ili kumshtua msikilizaji. Huko ni kuwatumia marehemu. Useme mwanzoni kabisa, kwa sentensi tulivu, pamoja na kwamba Kalusha Bwalya hakuwamo kwenye ndege kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi, na kwamba mwaka 2012 yeye ndiye aliyekuwa rais wa chama cha soka cha Zambia. Sema pia kwamba kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Baada ya hapo mchezo wenyewe utajibeba: penalti ya Drogba iliyopaa katika kipindi cha pili, dakika 120 bila bao, mikwaju iliyofika 7-7, Kolo Touré akikosa, Kalaba wa Zambia naye akikosa nafasi ya kumaliza, Gervinho akikosa, na hatimaye Stoppila Sunzu, beki wa TP Mazembe, akifunga.

Kama unahitaji mtu wa kumfuata katika mchezo huo, ninakushauri umchukue Joseph Musonda. Aliumia mapema katika kipindi cha kwanza na kutoka uwanjani akilia, fainali ya maisha yake ikiwa imeisha kabla haijapamba moto. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa hakuweza kukimbia kuungana na wenzake. Kocha Hervé Renard alimbeba mikononi na kumpeleka walipokuwa wakishangilia.

Hatimaye, isome kazi yako kwa sauti mbele ya mtu asiyelijua tukio hilo, na usimame pale mpira unapokaribia kupigwa. Muulize kila timu inahitaji nini wakati huo. Akijibu bila kusita, endelea hadi mwisho. Akibabaika, usiongeze maneno kwenye bao. Rudi juu, kwenye aya ya msimamo wa kundi, uiandike upya, kisha umtafute msikilizaji mwingine ambaye bado hajaisikia.